Ugonjwa Tuliouita Bani

Nilifundisha shule ya msingi hapa Tabora kwa miaka thelathini na minne, na kama kuna kitu nilichojivunia, ni kwamba fomu yangu haikuwahi kurudishwa. Fomu za mitihani, fomu za uhamisho, hata zile za pensheni zilizowatoa machozi wenzangu wengi, zote nilizijaza kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, bila kufuta. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba maombi yetu yamekubaliwa, kwamba zimebaki fomu mbili tu na kupimwa afya halafu nitaenda kuishi naye, nilimjibu kwa madaha kwamba habari ya fomu aniachie mimi.

Huyo binti ndiye mtoto wangu pekee. Ana miaka tisa sasa kwenye nchi ya baridi, anafanya kazi katika makao ya wazee; anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza wakirudia hadithi ile ile. Baba yake alifariki mwaka wa tatu tangu aondoke, naye akashindwa kuja kuzika. Tangu siku hiyo neno lake kwangu lilikuwa moja: mama, lazima uje. Maombi yalichukua miaka minne. Jina letu lilipotoka alinipigia akilia, na kwa kuwa ni msema kweli kama marehemu baba yake, akanieleza papo hapo kwamba nikikwama kwenye vipimo tutarudi mwisho wa foleni. Mimi nina miaka sitini na mitatu. Foleni hiyo siiwezi tena.

Nisijifanye shujaa: nilitaka kwenda. Nyumba yangu ina vyumba vinne na mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja haupikiki vizuri. Ukisonga kidogo unakuwa mgumu, ukisonga wa kutosha unabaki, na kesho unakula kiporo chako mwenyewe peke yako. Redio naifungua asubuhi si kwa sababu ya habari bali nisikie mtu akisema. Kanisani naimba sauti ya pili kwenye kwaya, lakini kwaya ni Jumatano na Jumapili, na wiki ina siku saba.

Aliyenivusha miaka hiyo ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenzangu, Mwislamu, mtu wa mjini hasa. Babu zake walikuja na misafara kutoka pwani, wakafika Tabora, wakaona panawafaa. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikuja kwangu na chupa ya chai ya tangawizi, isiyo na sukari hata chembe kwa kuwa yeye ana kisukari, nasi tukakaa barazani hadi magharibi. Tulitaniana sana. Mimi nilimwambia, "Shoga, nyinyi mlikuja kwa msafara mkasahau kurudi." Naye hujibu, "Tungerudi vipi, na nyinyi Wanyamwezi wabeba mizigo mlikuwa mmeshachoka?" Kisha hunipa chupa nimimine mimi, eti kubeba nimezaliwa nako. Alipojua naondoka alisema tu nisimpe mtu mwingine ile stuli anayokalia barazani kwangu.

Madaktari wanaoruhusiwa na nchi hiyo kupima waombaji wako Dar es Salaam tu. Huwezi kupimwa na daktari wa hapa, hata awe bingwa namna gani. Nikafunga safari kwa basi: pasipoti, picha nne, miwani, vidonge vyangu vya presha na cheti cha daktari. Binti alikuwa amenitumia orodha, nami nikaweka tiki kila kilichoingia kwenye mkoba.

Nilifika kliniki saa moja na nusu asubuhi, wa kwanza. Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa binti yangu. Aliniamkia vizuri, nikaitika marahaba, nikakaa nimenyooka kama niko kwenye ukaguzi. Akanipima urefu na uzito, akanisomesha herufi za ukutani, ambazo nilizisoma kwa sauti ya darasani mpaka nesi akacheka. Akachukua damu, akachukua mkojo. Halafu akafungua kompyuta na kuanza maswali. Umewahi kufanyiwa upasuaji? Umewahi kulazwa? Una ugonjwa wa moyo, figo, kisukari? Umewahi kuugua kifua kikuu, au kuishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu?

"Hapana," nikasema. Kwa sauti kubwa, bila kufikiri, tena nikiwa na furaha kidogo kwamba mambo yanakwenda haraka.

Nilivua blauzi na mkufu, nikavaa gauni lao lenye kamba za nyuma, nikabana kifua changu kwenye lile bao baridi la eksirei. Vuta pumzi, shikilia, achia. Baada ya nusu saa daktari aliniita tena. Picha ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta, mbavu zangu zote nje, na kwa kalamu yake alionyesha sehemu ya juu upande wa kushoto. Palikuwa na doa jeupe, dogo, lenye mistari iliyovutana kama nguo iliyoshonwa vibaya.

"Mama, hili ni kovu," akasema. "Ni la zamani sana, pengine la utotoni. Kifua kikuu huacha alama ya namna hii. Una hakika hakuna aliyeugua nyumbani?"

"Nina hakika."

"Wazazi walifariki kwa nini?"

"Baba alianguka na baiskeli uzeeni. Mama aliuawa na bani."

Alinitazama. Alikuwa hajui bani ni nini, na kwa nini ajue, mtoto wa Dar. Nikamweleza kwamba nimezaliwa kwenye familia ya wakulima wa tumbaku, huko Ipole, Sikonge. Bani ni jengo refu la matofali la kukaushia majani. Unayatunga kwenye fito, unayapanga juu, halafu chini unachochea moto wiki nzima bila kuuacha ufe. Moshi na joto lile huingia vifuani mwa watu, hasa wanawake. Mtu akikohoa mwezi, miezi, akakonda, akatema damu, kwetu tulisema bani limemla. Mama yangu bani lilimla nikiwa na miaka minane.

Daktari aliiweka kalamu yake mezani taratibu. "Mama," akasema, "moshi hautemeshi damu hivyo."

Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto somo la afya. Nimeandika ubaoni kwa mkono wangu huu dalili za kifua kikuu: kukohoa zaidi ya wiki mbili, kukonda, kutoka jasho usiku, makohozi yenye damu. Nimewachapa walioshindwa kuzitaja. Na katika miaka yote hiyo haikunijia hata mara moja kwamba nilikuwa nikiandika habari za mama yangu. Mama alikuwa kwenye sehemu moja ya kichwa, somo la afya kwenye sehemu nyingine.

Utaratibu ulikuwa huu: nitoe makohozi asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kula; maabara huyaotesha kwa wiki nane kuona kama kuna kitakachoota, kama kitalu cha tumbaku. Kabla ya hapo faili langu haliendi popote. Na kwa kuwa nilishajibu hapana na picha imesema ndiyo, niandike maelezo: nani aliugua, lini, nilikaa naye vipi, na kwa nini sikusema. Daktari alinihakikishia kwamba sina dalili yoyote, kwamba kovu si ugonjwa, kwamba niishi na watu kama kawaida. Nilimsikia vizuri. Sikumwamini.

Asubuhi hizo tatu nilitoka gesti nikiwa sijanywa hata maji, nikasimama kwenye kibanda cha wazi nyuma ya kliniki na kikopo chenye mfuniko, nikijaribu kukohoa. Kikohozi hakikuja. Nesi alisimama mbali akinielekeza: vuta pumzi ndefu, mama, toa kutoka ndani kabisa. Nilipata mate tu, nikarudi kuanza upya. Pembeni yangu walikuwepo vijana wawili wanaokwenda kusoma, nao wanakohoa kwa adabu, kila mmoja kageukia ukuta wake. Jioni nilikaa kitandani gesti na simu mkononi, nikiwa nimeshamtumia binti ujumbe wa yaliyotokea, nikisubiri atoke zamu.

"Mama, kwa nini ulisema hapana?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

"Kwa sababu niliulizwa kifua kikuu. Hawakuniuliza habari za bani."

"Mama!"

"Sikudanganya. Nilikosea."

"Watu wa uhamiaji hawajui tofauti," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Wakiona umeficha kitu wanaweza kukataa hata majibu yakiwa safi. Andika hayo maelezo vizuri. Tafadhali. Mimi nimeshaandaa chumba."

Nilirudi Tabora kwa treni. Tulipofika Igalula wauza mahindi na asali wakaja madirishani, watu behewani wakaanza kununua na kugawiana, mama mmoja akanikatia nusu ya hindi lake. Nilikataa. Nikajifunika mdomo kwa mtandio na kugeukia dirisha, naye nadhani aliniona nina majivuno.

Kesho yake, baada ya alasiri, jirani yangu alikuja na chupa ya chai kama kawaida. Alikuwa na hamu ya habari za safari. Mimi nilikuwa nimekaa ndani tangu asubuhi nikifikiria jambo moja: mtu wa kisukari huupata ugonjwa huu upesi kuliko wengine. Hilo nalo nimewahi kulifundisha. Nilimsikia akikokota stuli yake, nikatoka, nikasimama mlangoni.

Ningeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini niliona aibu ambayo hata sasa siwezi kuieleza sawasawa. Niliona nikisema neno lile litabaki pale barazani hata nikishaondoka. Na nilijua kwamba nikimwambia kwa upole asije, atakuja. Basi nikamwambia, "Shoga, kila siku, kila siku. Kwenu hakuna kazi?"

Alidhani ni utani, akacheka, akaanza kufungua chupa.

"Sitanii. Nimechoka na watu. Acha nipumzike."

Alifunga chupa. Alisimama, akaikunja kanga yake vizuri, akasema, "Haya, Mwalimu." Miaka sita alikuwa akiniita shoga. Nikasikia mlango wake ukifungwa, nikaingia ndani na kulia kama mtoto.

Kwaya nikaiacha, nikasingizia mafua. Ibada nilihudhuria nimekaa benchi la mwisho karibu na dirisha, na wakati wa kupeana mikono ya amani nikatoka nje. Kikohozi sikuwa nacho, lakini nilikiwinda. Kila nikisafisha koo nilisimama na kusikiliza. Sokoni nilinunua vitu upesi na kuondoka. Zilikuwa wiki ambazo redio peke yake ndiyo iliyosema ndani ya nyumba yangu, na nikagundua kwamba mtu akikaa siku nne bila kuzungumza, sauti yake ya kwanza siku ya tano humshtua mwenyewe.

Maelezo nilianza kuyaandika mara tano. Kila nilipofika kwenye swali la nilikaa naye vipi, nilikwama, kwa sababu nilichokumbuka kuhusu ugonjwa wa mama ni kitu kimoja tu, na sikuwahi kumsimulia mtu, hata mume wangu.

Mama alikuwa anaishi peke yake kwenye bani kuukuu, nyuma ya nyumba yetu, lile ambalo paa lake lilishaanguka nusu na halikukaushiwa tena. Baba alisema hapo kuna hewa. Chakula alipelekewa na kaka yangu mkubwa, akakiacha mlangoni. Mimi nilikuwa kitindamimba, nilikuwa nimezoea kulala mgongoni mwake, nikawa nakwenda. Mwanzoni niliingia akiwa amesinzia, nikala ugali aliobakiza, nikajilaza pembeni yake. Alipogundua, alibadilika. Akiniona tu natokea kwenye njia, alinirushia magunzi ya mahindi. Alikuwa na rundo la magunzi pale pembeni ya mkeka na alinirushia moja baada ya jingine, akinitukana kwa Kinyamwezi: toka, mtoto mbaya, sikutaki, nenda kwa baba yako. Nilikwenda kila siku, na kila siku alinifukuza hivyo, hadi siku ambayo hakuwepo wa kunifukuza.

Nilikua nikijua kwamba mama yangu alinichukia. Nilijua hivyo kama nilivyojua jina langu. Nadhani ndiyo sababu nilikuwa mwalimu mkali, na ndiyo sababu nilimlea binti yangu kwa kumkumbatia kupita kiasi mpaka akawa ananisukuma.

Sasa hayo unayaandikaje kwenye fomu? Wiki ya tano nikaamua kwenda kumuuliza kaka, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa kuulizwa. Nikapanda basi la Mpanda, nikashuka Ipole, nikapata bodaboda hadi kwake. Kaka tumbaku aliiacha zamani, sasa ana mizinga yake porini na baiskeli yake moja. Nilimkuta uani anakamua masega. Nikamwamkia, akaitika, akaniletea kigoda. Nilikisogeza hatua tano nyuma kabla ya kukaa. Alitazama ile nafasi kati yetu, akarudi kwenye masega yake.

"Kaka, mama aliugua nini?"

"Bani."

"Kaka. Mimi ni mtu mzima."

Aliendelea kukamua. Mikono yake ilikuwa imejaa asali hadi kwenye viwiko na nzi walimzunguka. Nikamweleza yote: picha, kovu, wiki nane, barua ya maelezo. Nikamwambia nikikosea barua hii sitamwona tena binti yangu isipokuwa kwenye simu. Hapo ndipo alipoacha.

"Tulikuwa tunajua," akasema. "Baba alijua, mimi nilijua. Mganga wa zahanati alishamwambia baba. Lakini ilikuwa msimu wa kuchuma. Kutunga majani ni kazi ya watu ishirini, na watu wenyewe ni majirani. Leo wanakuja kwetu, kesho tunakwenda kwao. Wangesikia kuna kifua kikuu, asingekuja mtu. Tumbaku ingeoza shambani, na hakukuwa na kitu kingine cha kula mwaka ule. Baba akasema itaitwa bani, na sisi wote tukasema bani. Tulisema mpaka tukaamini."

"Na hospitali?"

"Baada ya mauzo, baba alisema. Mama hakufika mauzo."

Nilitaka kumkasirikia baba, lakini nilikumbuka mikono yake ilivyokuwa myeusi kwa utomvu wa majani, nikashindwa kuanza. Nikauliza lile lililonipeleka.

"Mimi ilikuwaje nikaachwa naingia kule?"

"Hukuachwa! Baba alikuchapa mara ngapi? Ulikuwa unatoroka. Mama ndiye aliyeniita siku moja, akaniambia, huyu mtoto mkimwacha anaingia humu, mmemuua. Akasema maneno mazuri hayamzuii, lazima aniogope mimi mama yake. Akaniambia nimkusanyie mawe." Kaka alijipangusa uso kwa mgongo wa mkono, akajipaka asali shavuni. "Nikamkusanyia. Siku ya pili akanirudishia. Akasema, yatamuumiza, niletee magunzi. Basi kila jioni mimi ndiye niliyekuwa naokota magunzi yale, narudisha mlangoni. Ukishaondoka alikuwa analia, na kulia kulimwongezea kukohoa. Nilidhani unajua."

Sikujua. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu na sikujua.

Sikumbuki sana safari ya kurudi. Nakumbuka kwamba nilikaa nyuma ya basi nikijaribu kuusikia tena uzito wa gunzi likinipiga begani, na lilikuwa jepesi, jepesi kabisa, na nikashangaa jinsi nilivyolikumbuka kuwa zito kwa miaka yote ile. Nilimlilia mama yangu kwenye basi la watu, mbele ya magunia ya mchele, bila haya.

Barua niliiandika jioni ile ile, mara moja, bila kufuta. Niliandika kwamba mama yangu aliugua kifua kikuu na kufariki, kwamba nililala naye na kula naye kwa muda nisioweza kuuhesabu, kwamba alipoweza alinizuia. Nikaeleza kuhusu bani na kuhusu majirani ishirini. Nikaandika kwamba nilijibu hapana kwa sababu hapana ndilo jibu nililopewa nyumbani nikiwa na miaka minane na sikuwahi kulikagua. Binti aliitafsiri. Aliponipigia hakusema habari za barua. Alisema tu, "Mama, nimeisoma."

Mtu atauliza: baada ya kuyajua yale, mbona hukuvuka ukuta ukamwambia jirani? Nilijiuliza pia. Kila siku baada ya alasiri nilisikia stuli nyingine ikikokotwa upande wa kwake, anakaa peke yake, na nilijua ninachomfanyia ni kile kile alichonifanyia mama. Lakini nilijiambia zimebaki wiki tatu tu. Nitamwendea na karatasi iliyo safi mkononi, nitamweleza yote kwa mpigo, tutacheka. Mimi ni mtu wa kupenda kupeleka kazi iliyokamilika. Hivyo nikasubiri, naye akazidi kukaa upande wake.

Majibu yalitoka wiki ya nane, siku ya Alhamisi. Daktari alinipigia mwenyewe: hakuna kilichoota, taarifa imeshatumwa, kovu litabaki kuwa kovu. Hata hapo sikuvuka ukuta, kazi ilikuwa haijakamilika. Siku kumi na mbili baadaye binti akapiga, safari hii akipiga kelele mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Wamekubali. Maelezo yamekubaliwa. Tiketi ingekuwa mwisho wa mwezi.

Nilivaa kitenge changu kizuri, nikachapisha kwa kijana wa stesheneri majibu ya kliniki niliyotumiwa kwenye simu, nikaenda kubisha kwa jirani yangu. Alifungua. Alikuwa amekonda kidogo. Akanikaribisha kwa heshima zote, "Karibu, Mwalimu," akaniweka kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa. Nikamweleza. Nilimweleza tangu kwenye kliniki hadi Ipole, kuhusu kovu, kuhusu kisukari chake na hofu yangu, kuhusu mama. Mwishoni nikampa karatasi. Sikuwa nimepanga kuomba msamaha kwa maneno mengi. Nilidhani karatasi ingesaidia.

Hakuisoma. Aliikunja mara mbili, akanirudishia mkononi.

"Wiki kumi," akasema. "Nilidhani umeshaanza kuwa mtu wa Ulaya, hututaki tena. Nimeswali nikiuliza nimekukosea nini."

"Nilikuwa nakulinda, shoga."

"Najua. Nimekusikia." Alitazama dirishani, upande wa ukuta wangu. "Lakini ungeniambia tu. Ningekaa nje, wewe ukae ndani, tukaongea dirishani."

Nilikaa kidogo zaidi, nikaaga, akanisindikiza hadi kwenye lango lake na kurudi. Nilipoingia kwangu nilifunga mlango, nikasimama katikati ya chumba, na kwa Kinyamwezi, kwa sauti, nikamwambia mama yangu maneno yale yale ya jirani: ungeniambia tu, mama, ningekaa nje.